Kitabu Kirudi Kama Hakijaguswa

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilimkuta binti yangu akiving'oa vitabu vyetu kwenye rafu.

Alikuwa na kitoroli cha chuma ubavuni, karatasi mkononi, na kalamu nyuma ya sikio kama fundi seremala. Anatazama karatasi, anachomoa kitabu, anakilaza kwenye kitoroli, anatia alama. Hakuwa na haraka, na hakuruka hata kimoja. Alikuwa na miaka kumi na minne. Shule za huku Maryland zinamtaka mwanafunzi ajitolee saa kadhaa kwa ajili ya jamii kabla hajamaliza masomo, na yeye alichagua kujitolea maktaba. Niliposikia nilifurahi mno, nikawatangazia watu kanisani. Sikujua kwamba moja ya kazi atakazopewa ni kutuzika.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, hata kile cha kusengenyana kwenye simu, lakini majibu yake huja kwa Kiingereza. Imekuwa hivyo tangu alipokuwa darasa la pili. Alisema vitabu hivyo vinaondolewa. Viko kwenye orodha, kwa sababu hakuna anayevisoma.

"Nani kasema hakuna anayevisoma?"

"The computer, Mama."

Nikaushika mpini wa kitoroli. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Nikamwambia hicho kitoroli hakitoki hapo, na kama kompyuta ina la kusema ije iniambie mimi. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti aliinua kichwa akatutazama. Nami nikamtazama mpaka akarudi kwenye gazeti lake.

Maktaba yenyewe sitaitaja, maana sikuja hapa kulichafulia jina jengo lililonihifadhi. Ni maktaba ya kitongoji, basi moja tu kutoka Wheaton ninakoishi. Vitabu vya watoto vya lugha mbalimbali vimepangwa upande wa dirishani. Kihispania kimejaza makabati manne, Kiamhari kina kabati lake zima, na Kiswahili tuna nusu rafu, tumebanwa kati ya Kihispania na Kitagalogi, lugha ya Wafilipino. Vitabu thelathini na kidogo. Vingine vimechapwa Dar es Salaam, vingine Nairobi, vingi ni vyembamba na vimebanwa kwa pini mgongoni. Lakini ni vyetu, na mimi nilikuwa nimevilinda miaka tisa.

Nasema nimevilinda kwa maana yake kamili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupumzika. Kila Jumamosi saa nane mchana nilikaa kwenye meza ya duara karibu na dirisha, na watoto wakaja: wa Kitanzania wa kanisani na wa msikitini, wa Kikenya, wa Kikongo. Kabla ya kugusa chochote niliwapeleka wote kunawa mikono. Nilisoma mimi, huku nimekishika kitabu juu ili wote waone picha. Tukimaliza walipanga mstari, kila mmoja akarudisha kitabu kimoja mahali pake, na mimi nikapitisha kiganja kwenye migongo ya vitabu mpaka ikalingana. Kuazima hakuna. Hiyo ilikuwa sheria yangu, si ya maktaba. Vitabu vilikuwa vichache mno, na niliwajua watoto: kitabu kikienda nyumbani kinaishia chini ya kiti cha gari, kimekanyagwa, na anayekuja Jumamosi inayofuata hakikuti.

Kwa hiyo siku ile nilimwendea mkutubi wa watoto moto ukinitoka masikioni. Ni mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, anayejua majina ya watoto wote. Si mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ningejua pa kuielekeza hasira. Alinieleza taratibu kwamba mwaka huu wameanza kuondoa vitabu ambavyo havijatumika kwa miaka mitatu ili kupata nafasi ya vingine. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Kila kitabu chetu kilikuwa na mstari wake: kimeazimwa mara ngapi, kimesomewa humu ndani mara ngapi. Sifuri na sifuri, kutoka juu mpaka chini.

"Mimi niko hapa kila Jumamosi," nikamwambia. "Unaniona kwa macho yako. Wewe mwenyewe ulinisifu kwamba meza yetu ndiyo safi kuliko zote!"

Aliitazama meza yetu. Kisha akaniuliza, "Mkimaliza kusoma, vitabu huwa mnaviweka wapi?"

"Tunavirudisha tulipovitoa. Ulitaka tuviweke wapi?"

Akaniinulia kidole kuelekea kichwa cha kabati. Pale pana tangazo dogo ambalo nilikuwa nimeliona kwa miaka tisa. Linasema: tafadhali usirudishe kitabu kwenye rafu, kiache mezani. Siku zote niliamini limeandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kupanga. Nililipita kama mtu anayejua kuogelea anavyolipita tangazo la kina cha maji.

Mkutubi akanieleza lililobaki. Jioni wafanyakazi huzunguka na kidude kidogo cha kusoma ile mistari myeusi ya nyuma ya kitabu. Kila kitabu walichokikuta mezani kinalia mara moja, na mlio huo ndio unaoijulisha kompyuta kwamba kimesomwa. Waliotapakaza vitabu na kwenda zao walihesabiwa. Sisi tulionawa mikono hatukuwahi kuwapo.

Nilikaa kwenye kiti cha watoto, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Shule yangu ya msingi, huko Iringa, maktaba ilikuwa kabati moja ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Lilifunguliwa Alhamisi. Mimi nilikuwa kiranja wa vitabu, kazi niliyoipenda kuliko chakula. Nilishika beseni la maji, wenzangu wakanawa, wakafuta mikono kwenye sketi na kaptura, wakakaa sita sita kwa kitabu kimoja. Mwalimu alisimama mlangoni akarudia maneno yale yale kila wiki: kitabu kirudi kama hakijaguswa. Aliyekunja ukurasa alifyeka majani wiki nzima. Simdharau mwalimu yule hata leo. Asingekuwa mkali tusingesoma chochote, maana kabati lile halikuongezewa kitabu muda wote niliosoma pale. Nilihitimu nikiwa na maneno yake mwilini, nikavuka nayo bahari pamoja na vyeti vyangu. Akiba haiozi, walitufundisha.

Hii ilikuwa imeoza mikononi mwangu. Miaka tisa tulivirudisha vitabu kama havijaguswa, na kompyuta ikatuamini.

Kwenye basi la kurudi nyumbani binti yangu alikaa kiti cha mbele yangu, si pembeni yangu. Nilimwambia hata kama kompyuta ni jinga, yeye si mjinga. Yeye alikuwepo kwenye meza ile. Ilikuwaje akaviweka kwenye kitoroli bila kusema neno?

Alisema aliambiwa afuate orodha, na mimi ndiye niliyemfundisha kumaliza kazi aliyopewa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kisha akaongeza jingine. Nafasi ile ilikuwa inakwenda kwa vitabu vya katuni vya vijana, vile vya Kijapani vinavyosomwa kuanzia nyuma. Vijana walikuwa wameandika barua kuviomba, na yeye alitia sahihi. Alikuwa wa kwanza.

"Kwa hiyo ni wewe," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa.

Hapo akageuka. Alisema kwa Kiingereza, polepole, ili nisipoteze hata neno: vile vitabu havikuwa vyetu, vilikuwa vyako. Wewe ndiye uliyekuwa unavishika. Sisi tulikuwa tunaangalia.

Nikamwambia asinikosee adabu. Akasema hanikosei. Akaniuliza kama namkumbuka fisi.

Namkumbukaje nisimkumbuke? Ni kitabu cha fisi aliyetaka kuwa fundi cherehani, akawashonea wanyama wote nguo za kubana, na mwishoni akajishona kidole pamoja na suruali ya tembo. Binti yangu alijifunza kusoma kwa fisi yule, akinifuatisha kwa mdomo. Alipokuwa na miaka sita alikikumbatia mpaka mlangoni, akalia anataka kulala nacho. Kadi ya maktaba nilikuwa nayo kwenye pochi, na kukiazima lilikuwa jambo la dakika moja. Lakini nilimbandua vidole kimoja kimoja, nikarudi kukiweka kwenye rafu, nikapitisha kiganja mpaka kikalingana na wenzake.

Alisema baada ya siku ile aliamua kwamba vitabu vya Kiswahili ni vitu vya mama. Akaanza kuazima vya Kiingereza, kwa sababu hivyo nilimruhusu kuvibeba.

Sikulia kwenye basi. Nililia nyumbani, jikoni, bomba la maji likiwa wazi. Kisha nikalifunga bomba, kwa sababu aibu haikai na mimi muda mrefu. Inageuka hasira upesi, na hasira angalau mtu anaweza kuifanyia kazi. Mkutubi alikuwa amekubali kuvirudisha vitabu kwenye rafu kwa muda. Orodha ingefungwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, na kitabu chochote kitakachoazimwa au kulizwa mezani kabla ya hapo kingetoka kwenye orodha. Nilikuwa na Jumamosi tano. Nikachukua simu.

Wa kwanza alikuwa rafiki yangu nesi, Mkenya wa Temple Hills, ambaye wanawe walikulia kwenye meza yangu.

"Ati wanatoa? Zii! Hiyo haiwezekani," alifoka. "Saturday niko off. Nitakam na watoto wa church, gari mbili zimejaa. Kila mtoto na card yake. Wacha waone."

Wa pili alikuwa baba mmoja Mkongo anayeegesha magari ya wageni hotelini, huko Alexandria, jimbo la jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mama, si ni weye ulikatazaka kubeba?"

"Ni mimi. Sasa nimekataza kuacha."

"Bon. Miye niko na batoto ine. Tutapanda bus, puis métro. Utuwekee bitabu bine."

Walikuja. Jumamosi ile ya kwanza foleni ya kaunta ilifika mpaka mlangoni, na ilikuwa yetu. Watoto walikuwa na kadi mpya, wengine wamezishika kwa meno ili mikono ibaki na vitabu. Kijana wa kaunta aliuliza kama leo kuna sikukuu ya watu wetu. Nesi akamjibu kwa Kiingereza cha kazini kwamba ndiyo, na itaendelea mpaka mwezi wa tano.

Vilivyobaki tulivisomea mezani, na tulipomaliza nikatoa amri mpya: leo hakuna kurudisha, viacheni hapo hapo. Watoto walinitazama kama nimewaambia wakojoe kwenye zulia. Mmoja wa wale wa Alexandria aliinuka kimyakimya, akaenda kukiweka chake kwenye rafu na kukinyoosha vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Nilimfuata nikakitoa, nikakitupa mezani. Nasema nilikitupa. Mkono uliniuma kama nimemzaba mtu kibao, lakini nilikitupa.

Sitadanganya kwamba nilizoea. Vitabu vilirudi na doa la chai, na mafuta ya chapati, kimoja kikiwa kimelowa na kukauka mpaka kikavimba mara mbili. Kimoja kilirudi na tembo amepakwa midomo rangi nyekundu. Kila jioni ya Jumamosi nilitaka kuchukua kitambaa nivifute vyote, nikajizuia. Na mkubwa wa wale watoto wanne alirudi anaijua hadithi nzima kwa moyo, akaisema mbele ya meza kwa Kiswahili cha baba yake, batu na bintu, na hakuna aliyemsahihisha kwa sababu nilikuwa nimewatolea macho. Watu waliniambia pole kwa kusumbuka. Sikutaka pole. Nilitaka kile kidude kilie.

Hayo yote nayasema kwa majivuno. Hili lingine nalisema kwa sababu bila hili nitakuwa mwongo.

Fisi hakuazimwa. Tangu Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimemchukua kabla watoto hawajafika, nikamficha nyuma ya vitabu vya Kitagalogi, mgongo ukiwa umeelekea ukutani. Nilikuwa nimeulizia Dar es Salaam, nikaambiwa hakichapwi tena. Hapa kilikuwepo kimoja tu, safi, kurasa zote zimenyooka, kama kilivyotoka dukani. Kila wiki nilijiambia nitakitoa wiki ijayo. Watoto wa watu niliwaambia wasiogope doa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimefungia kitabu kabatini na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Jumamosi ya mwisho mkutubi alinifuata akitabasamu, ameshika karatasi. Orodha ilikuwa imechapwa upya asubuhi ile. Vyetu vyote vilikuwa vimetoka, kasoro kimoja. Kitabu kimoja tu cha Kiswahili kilikuwa bado na sifuri zake mbili, na wafanyakazi wamekitafuta kwenye rafu bila kukiona. Aliniuliza kama ninakifahamu. Jioni ile ile orodha ilikuwa inafungwa.

Nilikwenda kwenye Kitagalogi nikaingiza mkono nyuma ya vitabu, nikapapasa mpaka mwisho wa rafu. Hakikuwepo. Nikavitoa vitabu vya watu vyote nikaviweka sakafuni. Nikaenda kutazama kitoroli, nikaliendea hata sanduku la vilivyoondolewa, nikavipekua vya watu wengine, nikisema moyoni umekiua mwenyewe, umekiua kwa usafi wako.

Ndipo nikasikia watoto wakicheka.

Binti yangu alikuwa kwenye meza ya duara, kwenye kiti changu, beji ya kujitolea ikining'inia shingoni na magoti yamefika kifuani, maana kiti kile ni kifupi. Watoto watano walikuwa wamemzunguka. Aliyekuwa amekishika kitabu si yeye. Alikuwa amempa kibinti cha nesi, wa miaka sita, akipakate, na yeye akasoma kwa kuinama. Alikuwa anasoma Kiswahili. Kilipanda pasipotakiwa kupanda, kikasimama katikati ya maneno, akarudi nyuma, akajaribu tena. Alipofika fisi anajishona kidole alibadilisha sauti, akalia kile kilio cha puani, na kilikuwa kilio changu mimi, nilichokuwa nikikilia kwenye meza ile wakati yeye ana miaka mitano.

Kazi yake Jumamosi ni kupita rafu kwa rafu akitafuta vitabu vilivyowekwa pasipo pake. Kitabu kilichogeuza mgongo ukutani hakiwezi kumpita. Na alijua ni nani aliyekiweka, maana alipomaliza kusoma alinitazama moja kwa moja, nyusi juu, kama mimi ninavyomtazama nikikuta sahani chafu chini ya kitanda chake.

Watoto wakatawanyika. Kibinti cha nesi kilikiacha kitabu mezani, kifudifudi, kimefunguka katikati, mgongo unapinda, na juu yake chembe za biskuti ambazo hazikupaswa kuingia humo ndani. Mkono wangu ukaenda. Miaka yote ile ya Alhamisi na beseni la maji ilikuwa kwenye mkono ule.

"Mama," alisema binti yangu.

Nikasimama.

"Kiache," akasema. "Waone kimeguswa."

Kwa Kiswahili. Sikumbuki mara ya mwisho aliponijibu kwa Kiswahili, na hakuonekana kutambua kwamba amefanya hivyo. Aliinuka, akarekebisha beji yake, akaenda kukichukua kile kidude kwenye kaunta, kwa sababu zamu ya kuzunguka meza jioni ile ilikuwa yake.

Nikaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, nikakunja ngumi humo ndani, nikasubiri kilie.